Safi kwa Macho Matupu

Jumatano ya kwanza ya mwezi Juni, yapata saa nne asubuhi, Minza alikuwa amekaa juu ya gunia tupu katika ghala moja la nafaka mjini Sumbawanga, ungo mapajani, akichambua maharage ya njano. Upepo wa Juni kule juu haumwonei mtu huruma, na wanawake wote waliokuwa wakichambua siku hiyo walivaa makoti juu ya masweta na soksi ndani ya malapa. Minza hakuhitaji kuligeuza haragwe ili ajue kama limetobolewa na wadudu. Alilitazama mara moja tu, akalitupa kando. Silvana, msimamizi wa ghala, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: doa likionekana, haragwe linatoka. Mwenye shaka aliliinua juu, Silvana akaja akalitazama, na kama doa lipo kweli, haragwe lilikwenda kwenye ndoo ya chakula cha nguruwe. Minza alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita, na kidogo kidogo alikuwa ameanza kuamini kwamba watu nao wanaendesha mambo yao hivyohivyo.

Saa nne na nusu mchumba wake alimfuata. Aliitwa Christopha, Mfipa wa hapohapo mjini, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari, kijana mpole asiyeweza kununua hata sufuria kabla ya kusoma habari za sufuria. Wiki tatu nzima alikuwa akisoma habari za almasi kwenye simu yake, na aliyoyasoma aliyaandika katika daftari, kwa kalamu ya bluu, akipigia mstari mwekundu pale palipostahili. Walimu wenzake walimcheka. Walisema pete ni pete, wao waliwavika wake zao vya kung'aa vya sokoni na ndoa zinakwenda. Christopha hakuwajali. Alitaka jiwe la kweli, na alitaka kulinunua akiwa analielewa.

"Kuna mambo manne," alimweleza Minza wakishuka kuelekea nyuma ya soko. "Uzito, rangi, mkato na usafi. Wengi wanapigwa kwenye usafi."

"Usafi gani, Mwalimu? Si wanaliosha?"

"Usafi wa ndani. Jiwe linapojiunda huko chini ya ardhi, kuna vitu vinabaki humo. Chembe, ufa, kiwingu. Wanalitazama kwa lenzi inayokuza mara kumi, halafu wanalipangia daraja. Lisilo na kitu kabisa ni la matajiri. Mtu wa kawaida anatafuta lile ambalo doa lake halionekani kwa macho matupu."

"Kwa hiyo doa lipo."

"Lipo, lakini hulioni. Na wewe usipoliona, wageni hawalioni. Linakuwa jiwe zuri tu."

"Kwetu ghalani hilo tunaliita haragwe bovu," Minza alisema, na Christopha akacheka, kwa sababu siku hizo kila alichosema Minza kilimchekesha.

Duka la sonara Vitus lilikuwa na upana wa mlango wake. Vitus alitengeneza saa, alibadilisha betri, aliunganisha mikufu iliyokatika, na kwa wale walioulizia kwa sauti ya chini alikuwa na almasi tatu, kila moja ndani ya pamba, zote ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Jicho lake la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto kwa sababu ya kubana lenzi. Walimwamkia shikamoo, akaitikia, akawaketisha kwenye benchi, akafungua kopo.

"Hii ya kwanza ni safi kabisa," alisema.

Waliitazama kwa lenzi, kwa zamu. Ndani hapakuwa na kitu, hata kidogo. Christopha akauliza bei, akatajiwa, akashukuru, akairudisha kwenye pamba kwa mikono miwili.

"Hii ya pili ina kiwingu. Kipo upande, hakisumbui. Ila nisiwafiche, kila Jumanne mvua inanyesha humo ndani. Aliichukua mama mmoja wa kule Wampembe, akairudisha baada ya mwezi. Alisema kidole kilikuwa hakikauki."

Christopha aliandika: kiwingu, Jumanne. "Na ya tatu?"

"Ya tatu ina mtu."

"Katikati au pembeni?"

"Pembeni," alisema Vitus, akifurahi kupata mteja anayeelewa. "Angekuwa katikati ningekuuzia kwa bei ya kutupa. Mtu wa pembeni unamficha. Hivi vikucha vinavyoshika jiwe, kimoja unakilaza juu yake, basi. Kwa macho matupu hata ukeshe unatazama, humwoni. Karatasi yake hii hapa."

Karatasi ilitoka ng'ambo, jiwe lilikokwenda kuchongwa. Ilikuwa na mchoro wa jiwe, na pembeni ya mchoro, kwa wino mwekundu, palikuwa na alama ndogo kama punje ya ulezi. Waliolipima huko waliandika kwamba ni chembe nyeusi. Vitus alisema wale watu wana mashine nzuri ila wana haraka. Wangevumilia dakika tano wangemwona anasogea.

Minza alichukua lenzi. Alimwona bila shida, kwa kuwa jicho lake lilizoea vitu vidogo. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye mvi, ndani ya shati la bluu, akichimba kwa sululu, mkono wa kushoto ukitangulia. Baada ya muda alipumzika. Alisimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuegemeza gotini, mwili wote ameutupia kwenye mpini, jinsi wachungaji wa ng'ombe wanavyosimama. Kiunoni alikuwa amefungwa kamba, na kamba hiyo ilipanda juu kiasi cha mkono mmoja, halafu ikaishia hewani.

"Huyu ni baba," Minza alisema.

"Inawezekana," alisema Vitus. "Jiwe ni la Shinyanga."

"Baba yako si yuko Kahama?" Christopha aliuliza.

"Ndivyo tulivyoambiwa."

Walikuwa wameambiwa na Enock. Miaka kumi na tisa iliyopita, Minza akiwa na miaka mitano, ndugu wawili wa Kisukuma, Enock mkubwa na Bundala mdogo, baba yake Minza, waliondoka kijijini kwao kwenda kubahatisha kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa almasi. Aliyerudi ni Enock peke yake. Alisema Bundala amepata mwanamke wa Kahama, mwenye duka, na ameagiza asitafutwe. Alilisema hilo mbele ya watu, akimtazama mke wa Bundala, Hellena, kwa huruma kabisa. Mwaka huohuo Enock alipata ng'ombe, wengi na wa ghafla, mpaka malisho ya kule yakawa hayatoshi. Akakusanya ukoo mzima, wake, watoto, wazee na shemeji yake aliyeachwa, wakaswaga mifugo hadi Rukwa, wakapata ardhi karibu na Msanzi. Ng'ombe wametoka wapi hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na maziwa, na watu wakanywa.

Minza alirudisha jicho kwenye lenzi, akaitazama ile kamba. Binti wa wafugaji anaijua kamba. Kamba ya katani ikikatika kwa uzito huchanua, nyuzi zake zikasimama kila upande. Hii haikuchanua. Ncha yake ilikuwa bapa, sawasawa, imepitiwa na kisu kikali mara moja tu.

"Tunaweza kumtoa?" aliuliza.

"Kwa nyundo," alisema Vitus. "Jiwe litakuwa unga, na yeye humohumo. Sikushauri. Mwenyewe anajaribu, si unaona anavyochimba? Tangu aje hapa dukani amesogea kama unene wa unywele. Ila anaacha nyufa nyuma yake, na nyufa nazo ni doa, kwa hiyo kila mwaka daraja linashuka kidogo. Ndiyo maana hili nawapunguzia."

"Atafika nje lini?"

Vitus alianza kupiga hesabu kwa vidole, akaacha. "Wewe utakuwa na wajukuu," alisema.

Christopha alimvuta Minza pembeni, ingawa duka halikuwa na pembeni. Alimwambia kwa upole kwamba pengine wachukue lile la kiwingu. Kwa maoni yake haikuwa sawa pete ya uchumba kuwa na baba mkwe ndani. Mtu atajisikiaje kushika mkono wa mke wake? Na tena kuna suala la nyufa. Minza alijibu kwamba hatavaa nyingine. Hakupandisha sauti, na Christopha, aliyempenda, na ambaye pia alikuwa amekwisha kuona tofauti ya bei, akakubali. Vitus akalifunga jiwe kwenye dhahabu nyembamba, kikucha kimoja juu ya yule mtu. Minza akamwomba akisogeze kidogo kisimzibie mwanga, akakisogeza. Lenzi moja ya zamani, yenye mpasuko kwenye fremu, aliwapa bure.

Pete ilibaki kwa Christopha, kama ilivyo desturi, mpaka siku ya kuvishana. Aliiweka kabatini chini ya mashati. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliifungua, akamwamkia mkwe wake shikamoo, akaifunga. Hilo hakuliandika kwenye daftari.

Jumapili iliyofuata Minza alikwenda Msanzi kumwona mama yake, wakaenda pamoja kanisani. Hellena alikuwa amepewa chumba nyuma ya zizi la Enock, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amepika, amechota maji na kulea binti yake bila kumsumbua mtu. Lililomuumiza zaidi lilikuwa kanisani. Mbele, kushoto, waliketi wanawake wenye waume. Nyuma yao waliketi wajane, ambao kila mwisho wa mwezi waliombewa kwa majina, na kina mama wenzao wakawatembelea na sukari na sabuni. Aliyeachwa hakuwa na mahali. Hellena aliketi kwenye benchi la mlangoni pamoja na wageni na wachelewaji, miaka kumi na tisa, akatoka wa kwanza ili asisalimiane na mtu. Minza alilichukia lile benchi kuliko kitu chochote duniani. Alitaka mama yake apate jina, la mke au la mjane, lolote kati ya hayo mawili, maadamu si lile alilokuwa nalo.

"Pete yenyewe ina jiwe?" Hellena aliuliza kwa kunong'ona, wakati watu wakiimba.

"Ina jiwe, Mayu."

"Zuri?"

"Kwa macho matupu ni safi kabisa."

Hellena aliridhika. Baadaye kidogo akasema, "Siku hiyo usinitafutie kiti cha mbele. Mimi nitakuwa jikoni. Watu wasije wakaanza kuuliza baba yuko wapi."

"Wakiuliza watajibiwa."

"Watajibiwa nini?" alisema mama yake. Alisema hivyo kama mtu anayejua jibu na amelichoka, kisha akaendelea kuimba.

Minza hakumwambia. Alitaka jambo lifanyike kama lilivyofanyika ghalani: doa liinuliwe mbele ya wote, litazamwe, litoke. Siku ya kuvishwa pete wangekuwepo wazee wa ukoo, watu wa kanisa na upande wa Christopha, macho ya kutosha. Hakuona namna nyingine ambayo jambo hilo lingeweza kuisha. Wiki mbili zilizobaki alilala usingizi mzuri, akanenepa kidogo, na Silvana akamtania kwamba pete itamkwama.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, saa saba mchana, nyumbani kwa Enock. Turubai lilifungiwa mawe kwa sababu ya upepo. Enock alikuwa amechinja ng'ombe, amekodi viti vya plastiki na spika, na alikuwa akizunguka na koti lake la suti na fimbo yake, akimsalimia kila mgeni kwa jina. Alikuwa mtu mzima wa heshima zake, mnene, mpole, asiyesahau misiba ya watu. Mabati ya kanisa alinunua yeye. Wazee waliokaa mstari wa mbele, karibu wote, waliwahi kupewa naye ndama mwaka wa ukame, na yule mzee ambaye hakupewa ndama alijengewa nyumba. Hellena alikuwa jikoni tangu alfajiri.

Mshenga wa Christopha alikuwa Mzee Kornel, Mfipa mfupi mwenye Kiswahili cha taratibu. Alisimama, akasalimia pande zote mbili, akasema wamekuja na pete. Kisha akauliza swali ambalo huulizwa siku kama hiyo, ingawa alikuwa ameelekezwa mapema jibu lake lilivyo.

"Kabla hatujaendelea, jamani. Baba mzazi wa binti yupo atupe ruhusa?"

Enock alikuwa amekwisha kuikita fimbo yake ili asimame.

"Yupo," alisema Minza. "Yumo kwenye pete."

Msichana anayevishwa pete huwa haongei, na ni hilo tu lililowafanya watu wageuke. Mzee Kornel aliitoa pete kwenye kikasha, akaielekeza kwenye mwanga, akasema yeye haoni kitu. Minza akampa lenzi. Akatazama.

"Eeh. Kweli kuna mtu mzima humu," alisema. "Pole na kazi, mzee mwenzangu." Akasubiri kidogo. "Ameweka sululu chini. Nadhani ameitikia."

Pete na lenzi vikapita mkono kwa mkono. Wazee walimpa pole na kazi, vijana walimpa shikamoo, na watu wa upande wa Christopha walisema wamefurahi kumfahamu. Mpiga picha alijaribu kumpiga, akasema yuko mbali mno. Wale waliomjua tangu Shinyanga walimtambua mara moja.

"Ni Bundala. Ameota mvi."

"Na amekonda."

"Sululu bado anashika kwa mkono wa kushoto."

Namna alivyoingia humo haikumshughulisha mtu. Minza alisubiri mpaka mstari wa mbele wote wamekwisha kutazama.

"Sasa itazameni kamba," alisema. "Hiyo ya kiunoni. Itazameni ncha yake."

Wakatazama tena, mmoja mmoja, bila haraka. Walikuwa watu waliofunga ng'ombe kwa kamba tangu utoto wao. "Imekatwa," alisema wa kwanza. "Kwa kisu," alisema wa pili. Wengine wakaafiki. Hakuna aliyebisha.

Pete ikamfikia Enock. Alivaa miwani kwanza, kisha akaweka lenzi. Alitazama kwa muda uleule waliotazama wengine.

"Hili jiwe nalijua," alisema. "Alinipandishia ndani ya kopo, na mimi nikaliuza likiwa halijachongwa. Wamelichonga vizuri." Akavua miwani, akaipangusa. "Na kisu ni changu. Mchanga ulikuwa unatitia. Au ulikuwa haujaanza kutitia, sikumbuki vizuri, ni siku nyingi. Jiwe lilikuwa tayari liko juu."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuelewa. Minza alikuwa amesimama wima, jinsi alivyozoea kusimama ghalani akimsubiri Silvana afike. Doa lilikuwa limeinuliwa, limetazamwa, na mwenyewe amekiri. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa furaha.

Aliyesimama ni Stanley, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kusikika akifoka. Alianza kwa kumshukuru Mungu kwamba Bundala ameonekana. Alisema kuna mambo mawili, na yasichanganywe. La kwanza, Bundala yu hai, wote wamemwona akifanya kazi. Kama yu hai, hakuna aliyeuawa, na kama hakuna aliyeuawa basi ndugu yao Enock hana la kujibu zaidi ya kamba, na kamba ilikuwa yake. La pili, kama Bundala yu hai, Hellena si mjane. Na kwa kuwa huu mwaka wa kumi na tisa Bundala hajakanyaga nyumbani wala kutuma chochote, mwanamke mwenye mume wa namna hiyo anaitwaje, wote wanajua. Yeye binafsi linamsikitisha. Lakini kanisa haliwezi kupanga viti kwa kufuata lenzi.

"Hawezi kuja," alisema Minza. "Kamba imekatwa. Mmeiona wote."

"Tumeiona, mwanangu," alisema Stanley. "Nani amesema hatujaiona?"

Minza aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Walimtazama nao, kwa upendo, na hakuna hata mmoja aliyekwepa macho yake. Alitazama viti vya kukodi, turubai, mabati ya kanisa yaliyokuwa yakionekana ng'ambo ya shamba, na moshi wa nyama nyuma ya nyumba, na hapo akaelewa kwamba hili halikuwa haragwe moja. Alijiona mjinga, mtu mzima wa miaka ishirini na nne aliyekuja na kioo kuwaonyesha watu kitu walichokuwa wakikila muda wote.

Akamgeukia Christopha. Christopha alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi nilishauri tuchukue lile la kiwingu," alisema kwa sauti ndogo.

Minza alifikiria kukataa na kuondoka. Barabara ilikuwa palepale, na bodaboda hazikosekani. Lakini akiikataa, pete itarudi mfukoni kwa Christopha, na kutoka mfukoni itarudi kwa Vitus, ndani ya pamba, ndani ya kopo, na baba yake atauzwa kwa mtu mwingine, asiyemjua, atakayetaka kile kikucha kirudishwe juu yake. Ili abaki naye ilimbidi aolewe. Alilipima hilo kwa muda mfupi tu, maana Mzee Kornel alikuwa amesimama na kikasha mkononi na upepo ulikuwa mkali. Akatoa mkono.

Enock akasimama. "Mimi kama baba wa binti," alisema, "ruhusa nimetoa."

Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, spika ikawashwa. Christopha alimvika pete, na ikapita vizuri. Mpiga picha akaomba mkono uinuliwe kidogo, jiwe likashika jua, na wote wakasema kwa kweli ni jiwe zuri.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba Hellena hajaona. Aliitwa kutoka jikoni, kwa kuwa haikuonekana vizuri apitwe. Alifuta mikono kwenye kanga, akashika kiganja cha binti yake kwa mkono mmoja na lenzi kwa mkono wa pili. Alitazama kwa muda mrefu kuliko watu wote. Ndani ya jiwe Bundala aliacha kuchimba, akasimama kwa mguu mmoja, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu.

"Mayu," alisema Minza, "ni yeye?"

"Ni yeye. Hapo kwapani nilishona mimi," alisema Hellena. "Uzi ni mweupe, sikuwa na wa bluu." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Kumbe hakwenda kokote."

Midomo yake ilijiandaa kusema jambo jingine. Akawaona watu wameanza kusogeza viti kuelekea chakula, akaishusha lenzi.

"Haya, Mama Minza, umemwona," alisema Enock kwa upole. "Wageni wana njaa."

Hellena aliuachia mkono wa binti yake. Akaenda akaleta birika la maji ya moto, beseni na taulo, maana kwa baridi ile maji ya kawaida yasingefaa. Kwao, siku kama hiyo, anayeoshwa wa kwanza ni baba wa binti. Enock alivua saa, akaitia mfukoni, akapandisha mikono ya koti, akatandaza viganja juu ya beseni. Hellena akapiga goti, akammiminia taratibu. Enock alisugua viganja, vidole, na katikati ya vidole, akaomba aongezewe, na Hellena akamwongezea mpaka aliposema inatosha.